Meza ya Alama

Filamu wameizindua Jumamosi, pale pale chuoni, kando ya Jogoo Road,
viti vya plastiki juu ya michoro ya uwanja,
nami nimekaa, bila kupanga, kwenye mstari wa mtupo huru.

Ukutani wanapita wasichana wetu wa themanini na nne:
Kemunto na soksi moja iliyoteremka,
Adongo anayedundisha mpira kama mtu anayetwanga,
Nafula, pandikizi letu la Bungoma,
anainama kila mlangoni, hata mlango ukiwa mrefu.

Sauti nzito inasema: hawa ndio waliobadili mchezo.
Ni kweli. Baada yao Kaloleni nzima ilirusha pasi bila kutazama,
madirisha ya zahanati yakaisha,
na Makadara wakafunga pete za mapipa kwenye nguzo za stima.

Haisemi kwamba jezi zilikuwa saba na wachezaji kumi;
kwamba aliyetoka alivua, aliyeingia akavaa
jasho la mwenzake, moto kama uji.
Haisemi redio ya Kocha Lumadede iliuzwa ikawa nauli.
Au labda imesema. Nilikuwa napangusa miwani.

Kisha fainali. Hamsini na nane kwa hamsini na tisa.
Adongo anaruka
na mkanda unakwaruzika,
mistari ya kijivu, chengachenga,
picha ikirudi tayari wamembeba juu juu.

Katika ile mistari ya kijivu nipo mimi,
Syombua wa meza ya alama, miaka kumi na tisa, chaki mkononi.
Filimbi ililia, kisha mpira ukamtoka.
Au mpira ulimtoka, kisha filimbi.
Refa akanigeukia, akainua nyusi.
Nikaandika sitini, kubwa, hadi chaki ikavunjika.

Miaka arobaini nimeificha ile nusu ya pumzi
kama noti iliyoshonewa kwenye pindo.

Makofi. Taa zinawaka.
Msichana mrefu, jezi mpya, jina lake mgongoni,
ananiuliza kama niliwahi kuwajua.

Huko mbele Adongo, mkongojo mapajani, anageuka.
Ananitazama kitambo.
Anainua vidole viwili,
anakunja kimoja,
anacheka mpaka anakohoa.

Nikamwambia yule msichana: kidogo.
Nikaenda kumtafutia Adongo maji.