Ngano

"Ni ngano," akasema Daktari Wesonga,
kalamu imemkwama sikioni,
nami nikangoja hadithi ianze,
aseme paukwa, nijibu pakawa,
maana kwa lugha yetu neno ni lilo hilo:
ile ya shambani na ile ya kusimuliwa jioni.
Hakuanza. Aligeuza karatasi
akanionyesha namba yenye nyota ubavuni.

Miaka sita kabla ya namba hiyo
nilikuwa na kila ugonjwa wa Nakuru.
Zahanati ya Langa Langa: taifodi.
Ya Free Area: amiba, halafu taifodi tena.
Kaptembwo wakasema ni vidonda, nipunguze mawazo,
wakanipunguzia shilingi elfu mbili mia nne.
Shangazi Tapkigen alisema ni jicho,
kuna mtu alinitazama arusini nikicheka.
Mama mkwe alitazama tumbo lilivyofura
akaanza kufuma soksi ndogo za njano.

Soksi zipo. Sijui nizifanye nini.

Baba ameendesha kombaini Mau Narok
tangu sijazaliwa hadi mgongo ulipogoma.
Alirudi usiku na makapi masikioni,
kope nyeupe, koo kavu, akidai maziwa.
Karo yangu ilikuwa ngano.
Sare, godoro la bweni, meno ya bandia ya mama: ngano.
"Ndiyo iliyokulea," akaniambia kwenye simu,
kama mtu aliyesikia mwanawe amemkana ndugu.
Najua, baba. Ndiyo hiyo hiyo.
Akanyamaza mpaka salio likaisha.

Sasa nyumba yangu ina mpaka.
Sufuria yangu imefungwa uzi mwekundu sikioni,
kisu changu hakiazimwi.
Cheruiyot hupika chapati zake uani, kwenye jiko la makaa,
mlango ameurudisha kama mvutaji wa siri,
kisha huosha mikono hadi viwiko
kabla ya kunigusa.
Kumbe mapenzi yananuka sabuni ya kipande.

Dukani nasoma maandishi madogo hadi mwenye duka anakohoa.
Imo kwenye soseji. Imo kwenye supu ya bahasha.
Imo kwenye viungo vya mchuzi, imejibanza
kama mpangaji siku ya kodi.

Krismasi, Njoro. Chapati mnara mzima
chini ya kitambaa, zikitoa mvuke.
"Kipande tu," wakasema, "hakiui."
Nikala nduma. Nikala ugali wa wimbi,
mweusi, mzito, unaoshikilia vidole.
Nikasikia jikoni: amepata kazi, siku hizi hali vya watu.
Macho yalinitoka maji nikasingizia moshi,
na wote waliona kwamba jiko ni la gesi.

Kanisani sinia la mkate hunipita.
Mzee Gitonga hulishikilia kidogo mbele yangu,
sekunde moja ya ziada,
akinihesabia dhambi ambayo sijapata nafasi ya kuitenda.

Lakini silali tena nimekunja magoti.
Napanda ngazi za ofisini bila kushika ukuta.
Nywele zimerudi, kwanza hapa, juu ya sikio,
laini, kama za mtoto wa mtu mwingine.

Januari baba alinipeleka nyuma ya nyumba,
kwenye kipande chake cha nusu eka.
Akakata suke, akalifikicha viganjani
kama alivyonifunza nikiwa na miaka minne,
akapuliza. Makapi yakaenda zake.
Akaninyoshea kiganja hadi mdomoni
kwa mazoea,
na mkono ukakumbuka kabla yake, ukasimama.

Tulizitazama zile punje. Zilikuwa nzuri, nono, za rangi ya asali.
Akaniuliza kama kunusa kunaruhusiwa.
Nikanusa: mvua ya jana, jua, utoto wangu wote.

Kisha akawaita kuku.
Walikuja mbio, mabawa wazi, wakigombana,
nasi tukasimama pale, bega kwa bega,
tukiwatazama wakila.