Kreti ya Chini

Mtaka cha mvunguni, walisema, sharti ainame.
Hawakusema lolote juu ya magoti ya miaka hamsini na mbili,
wala juu ya zulia lililolowa Jumamosi ya mvua, Dundee,
katika duka la hisani la paka wasio na kwao.
Juu ya meza: vikombe, birika lisilo na kifuniko.
Chini ya meza: kreti nyekundu ya maziwa
na kadibodi iliyoandikwa kwa kalamu nene:
santuri, peni hamsini, tatu kwa pauni.

Napekua kama karani anayetafuta faili la marehemu.
Zumari za kijeshi. Zumari za kijeshi. Krismasi.
Mpiga akodioni anacheka, meno yote nje.
Kisha jalada la kijivu, halina hata picha:
fidla mbili, fiola, chelo.

Naichomoa, naishika kwa kingo,
naielekeza dirishani. Nuru ya Februari huku
ni chache, ila haifichi kitu:
mkwaruzo mmoja mrefu, kama ufa kwenye sahani ya wageni.
Rahisi huvunja upishi.
Mama aliniuliza kwa simu: "Umevuka nchi ngapi
ukaokote takataka za watu?"

Pembeni mwa jalada, kwa penseli:
E. Crichton, 1961.

Hiyo ilikuwa ya kwanza.
Machi nilipata mbili, duka la wagonjwa wa moyo.
Aprili moja, ng'ambo ya daraja, inanuka kabati na tumbaku.
Mtu alikufa, wakaja na gari,
wakaigawa nyumba yake kama nyama ya mbuzi,
fungu huku, fungu kule,
nami, mfua shuka za hospitali, zamu ya usiku,
naliunga buzi zima upya kwa sarafu za mfukoni.
Nimefikisha thelathini na nne.

Sijui kama E. alikuwa mume au mke.
Lugha yangu hainilazimishi kujua.
Yeye. Yeye aliandika nyuma ya majalada,
herufi ndogo, kama anayeogopa kumaliza penseli:
*Polepole mno.*
*Theluji, barabara imefungwa. Upande wa pili mara tatu.*
*Na Jean.* Hiyo ni ya 1963.
*Bila Jean.* Hiyo ni ya 1978,
na baada yake hakuna mwaka ulioandikwa.

Alfajiri narudi, mikono ina harufu ya dawa ya kufulia,
nateremsha sindano.
Ile ya kijivu hujikwaa. Dakika ya saba
fidla inapanda, inapanda, karibu ifike,
tk,
na chelo tayari inaaga mlangoni.
Nimeuzoea muziki huo hivyo. Naupigia mluzi hivyo,
tk na yote, nikikunja shuka.

Wiki jana, kwa daktari wa meno, redio iliupiga.
Ukapita palepale bila kujikwaa.
Nilishtuka kama ashukaye ngazi gizani
akidhani imebaki moja.
Kumbe palikuwa na kitu katikati,
pumzi nne, tano, ambazo sijawahi kuzisikia.
Zilikuwa nzuri.
Nilikasirika.

"Unatafuta nini hasa?" Morven aliniuliza, yule wa kaunta,
mwenye sweta lenye manyoya ya paka watano.
Nikamtajia jina, herufi kwa herufi.
Hakucheka. Aliandika kwenye risiti, akaibandika ukutani.

Leo ameniwekea kitu chini ya rejista.
Jalada tu. Ndani hamna santuri,
hamna hata karatasi yake.
"Nilitaka kulitupa," alisema, "kisha nikaona mwandiko."

Nimelipa peni hamsini kamili, amekataa, nimeziacha.
Nje, mvua imekuwa mawe madogo.
Nimesimama kibandani pa basi, nikaligeuza:

*1964. Na Jean. Madirisha wazi.*