Pauni Tisa

Nilifika El Alto, gereji ya Fortunata Chambi,
na fedha za pauni kumi na mbili mfukoni.
Hakuzihesabu. Alinionyesha pistoni
inayokandamiza risiti mezani pake,
ukingo mmoja umeyeyuka
kama sabuni iliyosahauliwa majini.
"Ya kaka yangu Eusebio. Alitaka mbili zaidi.
Siku hizi anauza viazi, na miguu yake ina afya sana."

Gari langu lilitoka Japani kwa meli,
likavuka jangwa usiku bila taa.
Usukani ulikuwa kulia, wakauhamishia kushoto;
tundu la zamani lingali kwenye dashibodi,
nimeliziba kwa picha ya Bikira.
Injini haijaguswa. Ilizaliwa na pauni saba za tabo,
na kwa saba hizo hupanda mlima
kama punda mwenye adabu.
Mimi sikutaka adabu.

Siku ya kwanza hakuongeza kitu.
Alipima mgandamizo, silinda baada ya silinda,
akaandika namba kwa chaki juu ya boneti.
Akapaka povu kila hospaipu,
na pale povu lilipocheka, akakaza klipu.
Akatia plagi mpya, mwanya wake
akaubana hadi unene wa ukucha.
Akanusa petroli, akakunja uso:
"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Muuza mafuta wa hapa hangoji sifa."

Siku ya pili, nusu pauni.
Nusu! Nimekuja kununua radi, nauziwa cheche.
"Haba na haba hujaza kibaba," nikamtania.
"Na haba ya ziada hukipasua," akajibu,
bisibisi mdomoni.

Siku ya tano tulikuwa tisa na nusu,
na gari likiruka mbele hata mbwa wa mtaa
wakaacha kulikimbiza.
Nikasema, basi, tumefika.
Akasema, huku juu hewa ni nyepesi,
injini inashiba harufu ya chakula.
Usiamini inachokubali mlimani.
Twende bondeni, ikale chenyewe.

Akafunga bomba la shaba kwenye ubavu wa injini,
mpira wake ukapitia dirishani hadi sikioni mwake,
mkunga aliyetega pembe tumboni.
Kwenye kilele, madereva wanapommwagia Mama Ardhi pombe,
yeye aliongeza matone mawili ya oili,
"maana naye ana viungo."

Tukashuka saa mbili. Theluji ikawa mvua,
mvua ikawa ukungu, ukungu ukawa migomba.
Masikio yakaziba, yakazibuka.
Pale Yolosa tukageuza,
pua ya gari ikitazama tulikotoka.
"Gia ya tatu," akasema. "Kanyaga."

Nikakanyaga. Sijawahi kusukumwa hivyo na kiti.
Sindano ikapita nane, ikapita tisa—
"Toa mguu!"

Nikatoa.
Sikusikia kitu, nakula kiapo.
Akanipa mpira, akaniambia nikanyage kidogo,
kidogo tu, halafu niache,
na ndani ya shaba nikasikia
punje za mchele zikidondoka kwenye sufuria,
tatu, nne,
mbali, kama jirani anayeanza kupika.

"Huo ndio wimbo wa Eusebio," akasema.
"Aliongeza sauti ya redio."

Akarudisha skrubu, robo mzunguko.
Tukapanda tena. Mchele mmoja.
Robo nyingine. Tukapanda,
na bomba likanyamaza.

Tisa.
Nilitaka kubishana; nilikuwa na fedha, nilikuwa na hoja.
Lakini ukungu ulikuwa unafunguka, theluji inakuja,
sindano inatetemeka juu ya tisa bila kuivuka,
na Fortunata Chambi amelala,
kichwa kwenye kioo,
mpira ungali sikioni.
Nikaendesha bila kuwasha redio.