Goti la Kuazima

Editruda alinisimamisha dede
siku ya pili, kabla chai ya wodi haijapoa.
Miaka sitini na saba, nimezaa watano, nimezika mmoja,
nimeshona sare za shule za nusu ya Ilala,
na binti wa juzi ananiambia,
"Hatua moja tu, mama. Moja."
Nikapiga moja.
Nikatapikia kanga yangu mpya.

Walipofungua bandeji niliukagua mshono.
Pini ishirini na sita, mstari mnyoofu,
ila kule chini umekwenda upogo.
Daktari akacheka nilipomwonyesha.
Mimi sikucheka. Upogo ule ningemfumulisha fundi wangu
hata saa mbili usiku, mteja kasimama mlangoni.

Goti la zamani liliishia kwenye cherehani,
Mtaa wa Swahili, kibarazani, miaka thelathini na minane,
kanyaga, inua, kanyaga, inua,
mpaka gegedu likawa unga na unga ukapeperuka.
Kwenye picha niliyaona mwenyewe:
mawe mawili ya kusagia,
katikati hakuna nafaka.

Magomeni ikaanza hesabu.
Jumanne na Ijumaa anakuja na rula yake yenye bawaba,
anailaza ubavuni mwa goti, anasoma, anaandika.
Hamsini na tano.
Sitini na nane.
Sitini na nane.
Sitini na nane tena, Februari, umeme umekatika,
barafu ya kukandia imegeuka maji ndooni,
nami nimeuma mto ili Shamsa asisikie.
Shamsa alisikia.
Aliongeza sauti ya redio ya betri.

Nilizoea vitu vinavyoisha:
pindo, vifungo, pasi, njoo uchukue nguo yako.
Hili haliishi. Usiku linatoa joto
kama pasi ya mkaa iliyosahauliwa juu ya meza.
Ngozi ya upande wa nje imekufa ganzi;
naigusa, naona nagusa mguu wa jirani.

Nguo ya kuazima haisitiri, wanasema.
Hawakuwahi kuazima goti.

Kwenye vidato vitatu vya mlangoni alinifundisha:
panda na mwenyeji, shuka na mgeni.
Nikawa nanong'ona kila nikitoka,
mwenyeji, mgeni, mwenyeji, mgeni,
watoto wa uani wakaufanya mchezo wa kuruka.

Halafu siku moja ya mwezi wa tano,
masika imeacha matope hadi kizingitini,
nilikwenda duka la Mpemba kununua sukari na kiberiti,
nikarudi, nikabandika chai, nikakaa.
Mtoto akabisha hodi na fimbo yangu mkononi.
"Bibi, umeiacha kwenye gunia la mchele."
Nikaishika, nikaitazama.
Ile njia yote nilikuwa nawaza bei ya sukari.

Sasa ni mwaka.
Rula imesema mia na nane.
"Haitazidi sana hapo," anasema Editruda, hanitazami,
anafunga begi lake taratibu kuliko siku zote.
Ya cherehani yanatosha, na ya ngazi, na ya kiti cha bajaji.
Swala bado ni ya kitini.
Idrisa husema Mungu anaelewa, najua anaelewa,
lakini paji langu linaukumbuka mkeka,
na hilo sijamwambia Idrisa.

Na mbuzi wa nazi, yule mfupi wa mama yangu,
siwezi kumkalia. Nilijaribu Jumamosi moja,
Shamsa na jirani wakaninyanyua kama gunia.
Nikambeba kwapani hadi Gerezani kwa seremala Mdoe.
Akampima, akanipima,
akakata mti wa mninga, akagonga misumari minne kila upande.

Jioni ya leo nazi mbili zimepasuliwa.
Nimeketi, mguu umenyooka mbele kiasi chake,
goti likisema tik, mbuzi akijibu kwa kukwaruza,
wote wawili tumeongezewa miguu,
na sahani inajaa.