Kasha Namba 117

Makasha yalishuka stesheni ya Tabora usiku wa Jumanne,
mia mbili na kumi na manne kwenye karatasi,
mia mbili na kumi na matatu kwenye macho yangu.
Nikahesabu kwa tochi. Nikahesabu tena kwa kidole.
Bwana Radeki, aliyetumwa nayo kutoka kwao kwenye theluji,
alisema, "Nyamizi, kompyuta haikosei."
Nikamwambia, basi nionyeshe ilipolikalia.

Kila ubao ulikuwa na mshale unaotazama mbinguni,
mwavuli, na glasi iliyochorwa kwa wino mweusi.
Wapakuzi walidhani tumeletewa baa.

Kiwanda cha nondo kilisimama Ipuli
kama suti iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine:
boliti ya A kwenye tundu la A,
mguu wa B juu ya zege la B.
Zege lilimwagwa Novemba, mvua ikaja kulionja.
Radeki akapiga magoti kwenye tope na pimamaji yake,
akangoja kile kiputo kitafute katikati,
ametulia kama mkunga.
Sitasema alikuwa mtu mbaya.
Alipenda asali ya nyuki wadogo, akailamba kwa kidole.
Alituamkia "mwangaluka" asubuhi,
na jioni pia, kwa sababu hakuna aliyemsahihisha.

Baba wa babu yangu aliyeyusha mawe
kwa mkaa wa miombo na mivuo ya ngozi ya mbuzi.
Majembe yake yalioa; binti za watu walitoka kwao
kwa sababu yake, wakayalimia mtama.
Tanuri lake lilikuwa udongo wa kichuguu.
Likipasuka, dawa ilikuwa hatua ishirini.
Letu likipasuka, dawa iko ng'ambo ya bahari mbili,
pamoja na ankara,
pamoja na "tafadhali endeleeni kusubiri."

Radeki aliondoka Juni. Alituachia vitabu kumi na viwili,
picha za mishale zinazoonyesha picha za mishale,
na neno la siri la mashine, ambalo hakutuachia.

Beringi ya roli ya tatu ilikufa mwezi wa nne wa kazi.
Ililia siku mbili kwanza, tukadhani ni paka darini.
Kasubi wa karakana ya reli akatukerezea bushi ya shaba
kwenye mashine iliyomzidi umri mara mbili.
Hakuuliza neno la siri. Aliuliza kipenyo.
Tukazungusha siku kumi na tisa,
nondo zikatoka nyekundu, ndefu, zimejipinda kidogo,
na watu wa Kiloleni wakazinunua hivyo hivyo.
Kisha barua ikafika: mmegusa, dhamana imevunjika.
Siku zile kumi na tisa hazimo katika ripoti yoyote.
Zimo kwenye daftari langu la stoo, kwa penseli.

Mbao za makasha niliziuza kwa kibali cha meneja.
Leo nusu ya Isevya inalala juu yake.
Kuna mlango wa choo wenye mwavuli,
kitanda cha mtoto chenye onyo la kutokitikisa,
na meza ya migebuka yenye mshale
ambao mwenyewe aliugeuza chini, kwa makusudi.

Mwaka wa pili, Februari, kasha 117 likaja.
Limezunguka bandari nisizozijua, pembe moja imeliwa na maji.
Nililifungua peke yangu, kwa nyundo na mtarimbo.
Ndani, kwenye majani ya plastiki,
gia kubwa kama jiwe la kusagia,
na kibati cha jina la kiwanda kisicho chetu,
mji ambao ulimi wangu uliukwaa mara tatu.

Nikakaa juu ya kifuniko.
Huko nako, basi, kuna mtu wa stoo
aliyehesabu kwa tochi, akaambiwa kompyuta haikosei.
Kitu chetu kiko mikononi mwake.

Nikachota grisi kwa kiganja,
nikaipaka gia ya watu, jino kwa jino,
nikaifunika turubai isipate kutu.
Kwenye daftari, safu ya "imepokelewa", nilisita.
Huko kwao, sijui,
mvua yao ni ya miezi mingapi?