Samaki Amesemaje?

Mama hupiga kutoka Newala saa mbili usiku,
kwa vocha ya kuazima,
na shikamoo yangu haijamaliza kutoka kinywani ananiuliza:
Samaki amesemaje?

Samaki, mama, ana siku mbili duniani.
Hazidi punje ya mchele iliyovunjika
na bado hana mdomo wa kusemea.
Lakini yu wazi kama maji ya mvua kiganjani,
nauona moyo wake ukigonga ndani kwa ndani,
nahesabu: mia na arobaini kwa dakika, mia na arobaini na mbili,
feni ikikata joto la Mtwara vipande vipande,
jenereta la jirani hapa Chikongola likinivurugia hesabu.

Wazazi wao wako kwenye tangi kando ya dirisha,
milia ya samawati mbavuni kama daftari la mwandiko.
Hutaga asubuhi, taa ikiwashwa.
Nayafyonza mayai kwa bomba, nayapanga
kwenye sahani ya vishimo ishirini na vinne.
Ni bao langu hili, kete zake zinapumua.
Kisha natia dawa yako.

Safu ya kwanza, maji matupu.
Ya pili, dawa hafifu kama chai ya msibani siku ya tatu:
wanacheza, wanashtuka nikigonga meza.
Ya tatu, moyo unasita, unakumbuka, unasita.
Ya nne —
wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.
Hawa wamekunjika wangali mayai,
uti wa mgongo umepinda kama ndoana,
na hakuna mkono uliowagusa
ila mzizi uliochemshwa.

Bibi Nantende aliyajua haya bila darubini.
Kiangazi alitwanga majani ya utupa,
akayamwaga kwenye vidimbwi vya Ruvuma iliyopungua,
samaki wakaja juu, matumbo meupe,
akaokota, akaosha, tukala, hatukufa.
Kwa samaki sumu, kwetu kitoweo:
ndiyo hoja unayonirudishia kila usiku.
Mimi si samaki, Somoe.

Kweli, si samaki.
Lakini una moyo, una ini,
una miaka kumi na mmoja ya kikombe hicho
kwa ajili ya tumbo lililoanza kukuuma
enzi za kubangua korosho, vidole vikiliwa na mafuta ya maganda
hata mashine ya kuandikisha wapiga kura
ikakataa kwamba una dole gumba.
Na tumbo limetulia. Hilo siwezi kulikana.
Daftari langu lina safu ya vifo,
halina safu ya usiku uliolala bila kujikunja.

Nikakwambia: kati ya tone langu na kikombe chako
kuna mbuga ya hesabu sijaivuka.
Ukanyamaza. Nikasikia mbuzi.
Kisha: Kwani unakijua kikombe changu?

Jumamosi basi likaniletea kifurushi,
mizizi ndani ya khanga chakavu
na kikombe chenyewe, cha bati, cha kijani,
mdomo umebanduka rangi pale unapowekea wako.
Nikakijaza maji, nikamimina kwenye chupa ya vipimo:
mililita mia tatu na kumi.
Daktari Mmuya, mkubwa wangu, alitazama, hakusema kitu.
Nikachora mstari ndani kwa rangi ya kucha, nyekundu,
chini kabisa, karibu na kitako,
si kwa uhakika, kwa woga,
nikakirudisha kwa basi lile lile.

Jana, saa mbili usiku:
Samaki hawajambo?
Wa safu ya pili hawajambo, mama. Wameanza kuogelea.
Basi na mimi nimekunywa mpaka kwenye mstari.

Vocha ikaisha kabla sijamuuliza
kama alimimina, akaishia mstarini,
au alikijaza hadi mdomoni
akanywa, akanywa,
mpaka mstari ukaonekana.