Kwa Uliyedai Riali Tano Zako

Nilikuona. Wimbo wa pili haujafika katikati
ukasimama, watu wakakunja miguu wakupishe,
na mlangoni ukamwambia Muhanna wa tiketi:
"Nimetoka Sohar kufuata radi,
hawa wananipepetea mchele."
Nilikusikia neno kwa neno. Ndilo ninalotaka kukueleza:
zamani nisingekusikia.

Zamani unaikumbuka. Gereji ya Wadi Kabir,
kati ya fundi rejeta na muuza vioo vya magari,
spika nne za ukumbi wa harusi uliofilisika,
Thuwaini akiipiga ngoma kama anayedai deni,
Badriya na besi iliyoangusha spana ukutani kwa Biju
hata akaja siku moja, mikono ina grisi,
akauliza kwa upole
kama tunabomoa au tunajenga.
Tulicheka. Tukaongeza sauti.
Tulirekodi mashine ya zege ya barabara ya Amerat,
tukaicheza kinyumenyume, tukaiita muziki,
na ilikuwa muziki, siikani.
Debe tupu ndilo livumalo, wanasema.
Letu lilikuwa limejaa, likavuma vilevile.

Ila Julai, saa nane mchana,
umeme ukakatika mtaa mzima.
Gitaa likanifia mkononi.
Na kile kiyoyozi kikuukuu, kilichofungwa dirishani kwa waya,
kikakoroma mara moja, kikanyamaza.
Ndipo tulipojua.
Miaka sita nyimbo zetu zote, zote,
tulizilinganisha na mvumo wake.
Kumbe mwimbaji ni yeye,
sisi waitikiaji, na hatuna habari.

Jasho likadondoka juu ya ngozi ya ngoma:
to.
Kisha to.
Thuwaini akainama, akatega sikio la kulia,
akageuza la kushoto.
"Hili halisikii," akasema,
kama mtu anayetaja bei ya nyanya.
Tangu lini?
"Tangu Salala."
Mwaka na nusu! Mwaka na nusu alikuwa akivitazama
vidole vya Badriya ajue wapi pa kupiga,
nasi tukidhani ni mapenzi.

Hatukuitisha kikao. Umeme uliporudi
Badriya alikwenda swichini, akauzima.
Tukaanza kukutana usiku, mlango wazi kwa ajili ya joto,
Thuwaini akipiga kwa chelewa
alizozichomoa kwenye ufagio wa mama yake
(mama alilalamika, akanunua mwingine, akaufungia kabatini).
Biju akaja tena. Alidhani tumehama.
Akakaa juu ya tairi mpaka tulipomaliza,
hakusema kizuri wala kibaya, akarudi kwenye gari la mtu.

Maneno nayo yakawa tabu.
Nilipokuwa napiga ukelele, nani angejua ni lugha gani?
Sasa neno linasikika, ni lazima liwe neno.
Nikatafuta ya Kiarabu cha shule, yakasimama wima kama askari.
Yaliyokuja yenyewe ni ya jikoni kwetu:
funika chungu,
nani kaacha mlango,
umekula wewe?
Ndiyo hayo uliyoyakimbia.

Riali zako zipo. Muhanna ameziweka kwenye bahasha,
juu ameandika "Sohar". Zifuate wakati wowote.

Lakini usiku ule tulikuwa tunarekodi.
Kiti chako kimo: kinalia kama paka aliyekanyagwa.
Hatua zako zimo, kumi na moja,
na riali tano, na radi, na mchele.
Badriya alitaka tuzifute, nikakubali,
Thuwaini akakataa katakata.
Sikiliza dakika ya tatu, utajua kwa nini.
Unatoka, mlango unajifunga: ta,
na hapo, juu ya hiyo ta,
chelewa zinaingia.
Alikuwa amefumba macho.
Alikuwa anakungoja wewe, kwa sikio moja.